Mtu Asiyejua Kugonga

Berea, Alhamisi mchana

Shukuru mwanangu,

Umetoka kwenda kunyolewa na kuwaaga rafiki zako wa Turffontein, na mimi nimewaambia wateja wangu wa kusuka nywele warudi Jumamosi, ili nipate kukuandikia kabla hujaingia mlangoni. Basi lako la Cape Town linaondoka kesho asubuhi. Nguo zimekunjwa, kimono yako ya judo iko juu ya begi. Kuhusu chakula, baridi na wezi wa njiani sina la kukuambia; umekulia Johannesburg, hayo unayajua kuliko mimi. Ninaandika kwa Kiswahili ingawa najua utasoma taratibu huku midomo ikicheza, kwa sababu Kiingereza changu ni cha kuuzia na Kizulu changu ni cha kuomba kupunguziwa bei. Neno likikushinda, lisome kwa sauti. Utalikumbuka, maana ulilisikia kwangu kabla hujajua kusoma.

Tumekaa wiki tatu ndani ya chumba kimoja karibu bila kuzungumza. Tangu baba yako afariki tumekuwa wawili tu, na pazia lile kati ya kitanda changu na chako halijawahi kuwa ukuta mpaka sasa. Nasikia unavyojigeuza, najua hujalala. Wewe nawe unajua sijalala.

Basi leo nitakuambia nilichokiona Jumamosi ile. Watu wote wa mtaa huu wanadhani wamekiona kwenye simu, na naogopa kwamba hata wewe sasa unakikumbuka jinsi simu inavyokionyesha. Simu inaanzia pale ulipokwisha kumwangusha yule mtu. Mimi nitaanzia mlangoni.

Tulikuwa kwenye darasa la wanawake, katika ukumbi wa chini wa kanisa. Wewe ulikuwa katikati ya tatami, yale magodoro yetu magumu ya kuangukia, ukiangushwa na akina mama waliokuzidi uzito, ukiinuka na kucheka. Clarisse alikuwa amerudi mazoezini kwa mara ya kwanza tangu amkimbie mume wake na kuhamia kwa dada yake. Alikuwa ametoka kukuangusha vizuri, mguu wake umefagia wako kama nilivyomfundisha, na wenzake walikuwa wanampigia makofi. Ndipo mlango ukafunguka, akaingia mume wake, Baba Kevin, amevaa koti zito siku ya joto.

“Bonjour, Maître,” akaniambia kwa heshima, yaani Mwalimu, kama wanavyoniita Wakongo na Warundi wote wanaofika pale.

“Bonjour, Baba Kevin.”

“Nimekuja kumchukua mke wangu.”

“Darasa halijaisha. Na hapa hatupiti na viatu.”

Usidhani ulikuwa ujasiri. Ni maneno niliyowaambia watu mlangoni pale miaka yote, yakatoka yenyewe. Naye akainama, akavua viatu, akaviweka kando ya ukuta kimoja sambamba na kingine, kama tunavyofanya sisi. Nikashusha pumzi. Nilifikiri mtu aliyekuja kwa shari hawezi kupanga viatu namna ile. Alipoinuka alikuwa na kisu mkononi, kisu cha jikoni cha kukatia nyama.

Clarisse alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Mimi nikasimama kati yao, mikono wazi mbele ya kifua.

“Maître, sogea.”

“Sisogei. Huyu ni mwanafunzi wangu.”

“Huyu ni mke wangu!”

“Ni mke wako, sijakataa. Lakini nitazame mimi kwanza. Mimi nimekukosea nini?”

Akanitazama. Macho yake yalikuwa mekundu, na niliona kwamba swali limemkuta hajajiandaa. Mkono wenye kisu ukashuka. Ulishuka kidogo, lakini nilikuwa karibu na niliuona. Sasa sikiliza vizuri, mwanangu. Mkono ukishuka vile, mtu anaweza kuwa anatulia. Anaweza pia kuwa anajiandaa kupiga kutoka chini, tumboni. Nimewafundisha wanawake wale yote mawili, nikiwa na kisu cha mbao. Siku ile nilikuwa na mtu halisi mbele yangu na sikujua ni lipi. Mpaka leo sijui. Kwa hiyo kwa kumwangusha sikulaumu. Isome tena sentensi hiyo kabla hujaendelea. Pengine ningemtuliza kwa maneno. Pengine ungekuwa unamzika mama yako. Ulikuja kwa nyuma bila sauti, ukampiga ile mbinu ya kuangusha kwa kiuno uliyoipenda tangu utotoni, kisu kikateleza hadi chini ya viti vya kanisa, na Clarisse yu hai, na mimi ni hai. Hilo ni lako, na hakuna wa kukunyang'anya, hata mimi.

Ninalotaka kuzungumza nawe ni kilichofuata.

Kisu kilikuwa kimekwenda. Alikuwa chini. Ungeweza kumkalia tu. Mtu wa umbo dogo kama lile hawezi kuinuka chini yako. Lakini mkono wako ulikwisha kupita chini ya kidevu chake, wa pili ukafunga nyuma ya kichwa, ukamvuta juu ya kifua chako. Hapo ndipo mmoja wa wanafunzi alipoinua simu.

Wewe umekaba na kukabwa tangu ulipokuwa na mkanda mweupe. Kila mtu uliyewahi kumkaba alikuwa anajua kugonga. Anakupiga begani kwa kiganja, au anapiga tatami, nawe unaachia palepale, mnacheka, mnaendelea. Baba Kevin hakujua kugonga. Angejulia wapi? Kwanza alikuparura mikono. Kisha akajaribu kusema neno, likatoka kama mluzi. Kisha kisigino chake kikaanza kupiga tatami bila mpangilio, na mkono wake wa kulia, uleule uliokuwa na kisu, ukafunguka ukabaki wazi. Mtu asiyejua kugonga anagonga hivyo. Hana njia nyingine ya kukuambia.

Nikaita “Maté!”, neno letu la kusimamisha, ambalo umelitii tangu ulipokuwa mdogo kiasi kwamba nikilisema sokoni ulikuwa unasimama katikati ya njia. Hukusikia. Nikaita tena. Wenzetu walikuwa wanapiga kelele, “Mmalize! Mmalize!” Ni wanawake wazuri, na kila mmoja ana sababu yake ya kupiga kelele hizo, kwa hiyo siwalaumu. Lakini sauti yangu ilizama ndani ya zao. Nikapiga magoti mbele yako, nikakuita jina. Nikaona uso wako.

Simu haikuuona uso ule, kwa sababu mgongo wangu uliuziba. Haikuona pia nilichofanya. Nilishika kidole kidogo cha mkono wako wa kushoto nikakirudisha nyuma. Hukuachia. Nikaendelea kukirudisha mpaka kikavunjika. Nilikisikia kikilia kabla wewe hujasikia maumivu.

Ndipo ukaachia.

Yule mtu alikuwa anakoroma, mkoromo ambao si wa usingizi. Nilimlaza ubavu, nikamfungua kola, nikampigapiga mgongoni, nikamwita. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Alipovuta pumzi yake ya kwanza iliyo kamili alijikojolea mbele ya wanawake wote, na kelele zikakatika ghafla. Clarisse, aliyekuwa bado amebanana na ukuta, akavua koti la kimono yake, akaja akamfunika kiunoni, kisha akarudi kulekule ukutani akakaa chini. Hilo nalo halimo kwenye simu.

Wewe ulikuwa umesimama, umeushika mkono wako, unanitazama mimi kana kwamba mimi ndiye niliyeingia na kisu.

Baada ya hapo unayajua. Askari wa kike aliyekuja kuchukua kisu alikugonga ngumi kwa ngumi akakusifu, “Sharp, mfana,” yaani safi, kijana. Jioni ileile video ilikuwa imefika Hillbrow, kesho yake ilikuwa kote. Kwenye spaza, lile duka dogo la chini, walikataa kupokea hela yako ya mkate. Vijana waliokuwa wakituita majina mabaya kwa sababu tumetoka kwingine, sasa wanakupigia saluti kwenye robot, pale penye taa za barabarani. Ninaelewa utamu wake. Umezaliwa mji huu na mji huu haujawahi kukuita wa kwake mpaka ulipomkaba mtu.

Ulizungumza nami mara moja tu katika siku hizo. Ulikuwa unafungua bendeji ya kidole, nikataka kukusaidia, ukauvuta mkono.

“Ulinivunja kidole, Ma. Mbele ya watu.”

“Nilikuvunja kidole mbele ya watu ili usiue mtu mbele ya watu.”

“Eish. Nilikuwa naachia.”

“Hukuwa unaachia, Shukuru.”

“Wewe unajuaje?”

Nilichukua ufagio nikatoka kufagia varanda ambayo haikuwa na uchafu. Sasa nakujibu. Nilijua kwa sababu uso ule nilikwisha kuuona.

Nilipokuwa msichana Uvira, tulijifunza judo katika ghala la zamani la pamba, kwa mzee mmoja tuliyemwita Maître Bahati. Hatukuwa na tatami. Tulikuwa na magunia yaliyojazwa pumba za mpunga, tukiangushwa yanatoa vumbi mpaka tunakohoa. Miongoni mwetu alikuwepo Mateso, aliyetuzidi sote. Alikuwa mpole, aliwasubiri wadogo, aliniinua kila aliponiangusha na kunifuta pumba kwenye nywele. Vita vilipokuja tulitawanyika. Siku tuliyokuwa tunatoka, mimi na dada yangu, tulikuta kizuizi barabarani katika bonde la Ruzizi. Vijana wenye bunduki walikuwa wanashusha watu garini. Mzee mmoja alikataa kuachia mfuko wake. Aliyemshika alimkaba kwa ufundi, kiwiko mahali pake, kichwa kimeinama kama tulivyofundishwa. Nilimtambua kwa mkao kabla sijamtambua kwa sura. Nikaita, “Mateso!” Akainua uso akanitazama, na hakukuwa na mtu ndani yake. Sikuwa na maana yoyote kwake. Mzee aliacha kurusha miguu, na Mateso akaendelea kumshika.

Tulipita. Sikufanya lolote. Nilikuwa na dada yangu mkononi na hofu kinywani.

Ndiyo sababu husikii nikiwaambia wazazi wa wanafunzi kwamba judo inajenga tabia njema. Zamani nilisema hivyo, walimu wote wanasema hivyo, hata mabango yanaandikwa hivyo. Kimono ileile tuliivaa mimi na Mateso. Jumamosi ile nilipopiga magoti mbele yako nilikuta uso uleule juu ya shingo ya mwanangu. Hakukuwa na mtu ndani. Sikukumbuka kufikiri. Mikono yangu ilikwenda kwenye kidole chako, kwa sababu safari hii nilikuwa karibu vya kutosha.

Kwa hiyo sikuombi msamaha kwa kidole. Kama kitapona kikiwa kimepinda, kipinde.

Lakini kuna jingine ambalo ni la kwangu. Maître Bahati hakumruhusu mtu yeyote kukaba mpaka apitie jambo moja. Alijilaza yeye mwenyewe, mzee vile, akakuambia umkabe. Unamkaba, anagonga, unaachia, anakohoa, anakaa. Kisha anakuuliza: “Mkono wangu wa kushoto ulikuwa unafanya nini?” Ukishindwa kujibu anakutuma ukakae pembeni, utazame wenzako siku nzima bila kugusa mtu. Tulimchukia kwa hilo. Mimi nilikaa pembeni majuma mengi. Nilitaka kukaba, sikutaka kutazama mkono wa mtu.

Nilipoanza kufundisha hapa Berea, niliiacha sehemu hiyo. Wanawake walikuja kwangu na haraka zao: huyu amenyang'anywa simu kwenye ngazi, yule anafuatwa na mlinzi wa jengo, mwingine amefika na jicho lililovimba. Walitaka kitu cha kutumia wakirudi nyumbani jioni. Nikajiambia kwamba mji huu hauna nafasi ya mambo ya polepole ya Uvira. Nikawapa kushika, kubana, kuangusha. Na wewe ulikuwa mle ndani tangu ukiwa mtoto, ukajifunza walichojifunza wao, kwa haraka yao, ingawa haraka hiyo haikuwa yako.

Tena kuna siku ya mashindano ya Roodepoort, ulipokuwa bado na mkanda wa chungwa. Ulimkaba kijana mmoja mwembamba mwenye miwani aliyokuwa ameivua akampa mama yake. Aligonga, mwamuzi alikuwa upande wa pili, hakuona. Wewe ulisikia. Nilikuona ukisikia, kwa sababu ulimtazama mwamuzi. Uliendelea kushika mpaka yule mtoto akalegea. Walikupa ushindi. Mama yake alikuwa ameshikilia miwani kwa mikono miwili. Na mimi nilipiga makofi, Shukuru. Nikakununulia kuku wa kukaanga, tukala kwenye ukingo wa barabara tukisubiri teksi, nikakuambia, “Unaona? Hukumwachia, ndiyo maana umeshinda.” Ulifurahi sana. Nilichokuambia siku ile ulikihifadhi vizuri kuliko yote niliyokufundisha.

Sasa nikueleze jambo ambalo hukulijua. Nilikwenda hospitali kumwona Baba Kevin. Usikasirike bado. Nilikwenda kwa sababu kaka zake walikuwa wanakuja getini kwetu, wanamuuliza mlinzi kijana wa video anakaa ghorofa gani. Wewe ulikuwa unarudi jioni ukisikiliza muziki masikioni, hujui. Mimi nilikuwa nimesimama dirishani kila siku nikihesabu vichwa barabarani mpaka nione chako.

Nilimkuta amelala, shingo imefungwa. Sauti yake imekuwa ya kukwaruza, unasogea ndipo unaisikia.

“Umekuja kunicheka, Maître?”

“Nimekuja kuhusu kaka zako. Waambie waache.”

Aligusa bandeji ya shingo. Kisha akasema, “Kijana wako ana umri gani?”

“Kumi na tisa.”

“Nilipovua viatu,” akasema, “nilitaka mtu anizuie palepale mlangoni. Nilikuwa nasubiri mtu anizuie.”

Sikumwamini. Mwanaume aliyempiga mke wake kwa miaka ana maneno mengi mazuri akiwa kitandani. Lakini sikuweza pia kumwambia anadanganya, kwa sababu nilikuwepo na nilimwona akivipanga vile viatu. Nilimwambia, “Kama ulitaka kuzuiwa, usingekuja na kisu.” Akageukia ukutani. Nilipofika mlangoni akasema kwa ile sauti yake iliyokwaruzwa, “Nitawaambia.” Hawajarudi tena getini. Kesi yake ya kisu inaendelea, Clarisse amepata amri ya mahakama ya kumzuia asimkaribie, na sijui zaidi ya hapo. Sikwenda kumsamehe. Hilo si langu kutoa, ni la Clarisse, naye hajaombwa.

Jumamosi iliyofuata, wewe ukiwa umebaki nyumbani na mkono wako, wanawake walijaa ukumbini kuliko siku zote. Wengine sikuwahi kuwaona. Tulipokwisha kupasha mwili, Clarisse akanyoosha mkono.

“Maître, tufundishe ile.”

“Ipi?”

“Ile ya Shukuru.”

Wote wakaitikia. Niliwatazama nikajua kwamba nikikataa, watajifunza kwenye simu, kwa watu wasiowajua, na kwa haraka zaidi. Nikajilaza juu ya tatami. Nikamwita Clarisse, nikamwonyesha mahali pa kiwiko, nikamwambia anikabe mpaka nigonge. Alikaba vizuri, ana nguvu kuliko anavyojijua. Nikagonga, akaachia, nikakaa, nikakohoa mpaka machozi yakatoka. Nikamuuliza, “Mkono wangu wa kushoto ulikuwa unafanya nini?”

Akautazama mkono wangu.

“Sijui, Maître.”

“Basi kaa pembeni utazame.”

Alikaa pembeni na hasira zake zote, kama nilivyokaa mimi. Wengine wawili waliondoka kabla ya mwisho, nasikia wanasema Maître ameanza kuogopa. Waache waseme. Wiki hii Clarisse amerudi, na alipomkaba mwenzake nilimsikia akimwambia kwa sauti ya chini, huku bado amemshika: “Unashika sikio lako. Sasa unavuta mkono wangu. Sasa umegonga.” Akaachia. Nilikwenda chooni nikalia. Ungekuwepo ungenicheka.

Nimefika kwa yule bwana wa Sandton, aliyeiona video akaja nyumbani kukuomba ukapigane kwake.

Alikaa kwenye kiti chetu kile kizuri, akanywa chai yangu, funguo za gari ziko mezani. Akaeleza kuhusu ukumbi wake wa Cape Town, makocha, chumba cha kulala, mapambano ya ndani ya uzio ambayo watu wanalipa kuyaona. Alikuwa na adabu, sikuona ubaya kwake. Kisha akaniambia, kwa nia ya kunifurahisha, “Mama, kijana wako hana huruma, na hilo halifundishwi. Unazaliwa nalo.”

Nilitazama upande wako. Ulikuwa umeinamisha kichwa, unasugua kile kidole. Sikuweza kuona kama umejivuna au umeona haya. Nilitaka kuinuka nimwambie bwana yule kwamba mtoto huyu alipokuwa na miaka sita alikataa kulala siku nne kwa sababu ya njiwa aliyevunjika bawa kwenye varanda ya jirani. Kwamba akina mama wa darasa langu wanagombania kumwangusha huyu na si mwingine, kwa sababu anajua kuanguka bila kuwaumiza. Lakini ningemwambia hayo, wewe ungesikia mama anakuaibisha tena mbele ya watu. Nikamwongeza chai.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza kama nikukataze. Umri wako unaruhusu kuondoka, kwa hiyo ningekuwa nakataza hewa. Lakini si hilo tu. Mchezo ule una mwamuzi, na mtu utakayekutana naye amechagua kuingia, na anajua kugonga. Kuna usalama fulani ndani yake ambao haukuwepo Jumamosi ile. Huenda ni mahali pazuri zaidi kwako kuliko mtaa huu, ambapo kila anayekusalimia anakukumbusha jambo lilelile na kukuomba ulirudie. Naogopa tu kwamba watakulipa kwa ule uso. Watakuonyesha video ile kabla ya mapambano, watakutangaza kwayo, na siku utakayoachia mapema watazomea. Utasikia. Itakuuma kuliko kidole.

Wakizomea, jua kwamba kuna ukumbi mmoja chini ya kanisa, Berea, ambapo wangesimama kukupigia makofi.

Sina dawa ya uso ule, mwanangu. Ningekuwa nayo ningeiweka kwenye begi. Najua kitu kimoja kidogo tu, na ni cha Maître Bahati, si changu: ukiwa umemshika mtu, jisemee moyoni anachofanya. Anavuta mkono. Anageuza kichwa. Kisigino kinapiga. Mtu anayesema hivyo moyoni anakuwa bado yumo ndani ya macho yake. Siku utakapogundua kwamba umemshika mtu na huna cha kusema juu yake, umekwisha kuondoka, na inabidi uachie hata kama hajagonga, hata kama unashinda.

Nilikuona jana. Ulidhani nimesinzia kwenye kiti. Ulikuwa umekaa kitandani unatazama video ile bila sauti, ukairudisha, ukaitazama tena. Mara ya mwisho uliisimamisha pale mkono wake unapofunguka. Uliuangalia kwa muda mrefu, kisha ukazima simu ukaifunika kwa mto. Bwana wa Sandton hakukuona ukifanya vile. Mimi nimekuona, na ndiyo sababu nimepata nguvu ya kuandika.

Asubuhi ya leo, ukifunga begi, uliniuliza bila kunitazama, “Ma, utakuja kuniona nikipigana?” Nikasema nakwenda kununua mkate, nikatoka. Najua umechukua hilo kuwa jibu.

Jibu ni ndiyo. Wakikupangia pambano, nipe siku tu, nauli nitaisuka mwenyewe kichwa kwa kichwa. Nitapanda basi, nitakaa karibu na uzio kadiri watakavyoniruhusu. Ukiniona, usishangae kwamba sikutazami. Wewe nakujua. Nitakuwa namtazama yule kijana mwingine, mikono yake na visigino vyake, tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu naye ana mama, na huenda mama huyo yuko mbali, au hakupata nauli.

Na nikiita, safari hii unisikie.

Mama yako,
Faida